Kufundisha Maana ya Neno "Hulka"

Walimu wengi, wajazapo taarifa za maendeleo ya wanafunzi, hutumia neno moja tu, "tabia", kwa kila jambo la pekee waonalo kwa mtoto. Hatuna budi kutofautisha maneno matatu.

Hulka ni maumbile ya nafsi ambayo mtu huzaliwa nayo, kama vile upole, haya au wepesi wa hasira. Neno hili ni la ukoo mmoja na kitenzi "huluku", yaani kuumba. Tabia ni mwenendo unaojengwa na malezi, ndiyo maana wahenga walinena, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Mazoea ni jambo lililokaa kwa kurudiwarudiwa, kama kutafuna kalamu.

Katika mazungumzo maneno haya huingiliana, lakini mwalimu ayapime. Mtoto mwenye haya akiandikiwa "ana kiburi, hajibu maswali," mzazi atamwadhibu kwa hulka yake, naye atazidi kunyamaza. Tena, mtoto ategaye sikio moja kila aulizwapo huenda hasikii vizuri. Hiyo si hulka, si tabia, wala si mazoea. Mkalishe mbele, kisha uwaarifu wazazi wake.

Zoezi: Katika mazoezi yako ya kufundisha, chagua mwanafunzi mmoja, umchunguze kwa juma zima. Andika ulichokiona kwanza. Jina la jambo hilo lifuate baadaye.