UHUSIANO NI MSINGI WA KUWAKO?
Somo juu ya falsafa ya Plotinus na mafundisho ya Kurani Tukufu

Kijana mmoja wa Chimala, ambaye alikuwa hajatimiza mwaka tangu ajiunge na Jumuiya yetu, aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu pale pale. Alisema: "Sheikh, wazee wetu husema kwamba mtu ni watu. Mimi nimeingia katika Uislamu peke yangu katika ukoo mzima. Baba amesema kuwa mimi si wa nyumba yake tena. Ikiwa mtu ni watu, na watu wangu wameniacha, je, mimi nimebaki nani?"

Swali hilo lina uchungu ndani yake, na kila aliyeiacha dini ya wazazi wake anaujua uchungu huo. Lakini lina elimu pia, kwani kwa karne nyingi wenye hekima wameuliza: Je, kila kitu huwako kwanza chenyewe, kisha ndipo kinapopata uhusiano na vingine? Au uhusiano ndio unaokifanya kiwe kama kilivyo? Tuitazame elimu kwanza, kisha tumrudie kijana wetu.

KITU KWANZA AU UHUSIANO KWANZA?

Aristotle, mwanafalsafa wa Kiyunani, alifundisha kwamba kilicho cha kwanza ni kitu chenyewe. Mtu ni mtu kwanza, ndipo awe baba, jirani au mtumwa. Uhusiano kwake ulikuwa jambo dogo lililopachikwa juu ya kitu, na alilihesabu kuwa lenye uhalisi hafifu kuliko mengine yote.

Wahenga wetu hawakuona hivyo. Mwaka 1969 John Mbiti wa Kenya, aliyekuwa mwanachuoni na padri, alieleza katika kitabu chake juu ya dini na falsafa za Kiafrika kwamba kwa fikira za Kiafrika mtu hujitambua kuwa yupo kwa sababu wenzake wapo. Hata lugha yetu inashuhudia jambo hili. Mswahili akitaka kusema kwamba anamiliki shamba, husema "nina shamba", yaani yeye yuko pamoja na shamba. Kumiliki kwetu ni kuwa pamoja.

Elimu ya kisasa nayo imesogea upande huu. Chembe ndogo kabisa za maada zinajulikana kwa jinsi zinavyovuta na kusukuma chembe nyingine. Mwaka 1979 Profesa Abdus Salam, ndugu yetu Mwahmadiyya, alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na Sheldon Glashow na Steven Weinberg, kwa kazi iliyoonyesha kwamba nguvu ya umeme-sumaku na nguvu hafifu ya kiini cha atomu zina asili moja. Katika hafla ya tuzo hiyo alitaja aya za Sura al-Mulk zinazotuita tutazame uumbaji na kutoona ndani yake kasoro yo yote (67:4-5).

CHEMCHEMI YA PLOTINUS

Kati ya wote waliowahi kufundisha kwamba vitu vyote vimefungamana na Mmoja, mashuhuri ni Plotinus. Alizaliwa karibu na mwaka 205, akasoma Alexandria katika Misri kwa mwalimu Ammonius muda wa miaka 11, kisha akafundisha Roma, na alifariki mwaka 270. Mwanafunzi wake Porphyry alikusanya maandishi yake 54 na kuyapanga katika mafungu sita, kila fungu maandishi tisa. Falsafa hiyo ndiyo wataalamu huiita ya Plato mpya.

Plotinus alisema kwamba juu ya vyote yuko Mmoja, ambaye hana sehemu wala mwenzi. Kutoka kwake hububujika Akili, kutoka kwa Akili hutoka Nafsi, na kutoka kwa Nafsi ulimwengu huu tunaouona. Hakuna kitu kinachoweza kusimama peke yake. Kila kimoja kipo kwa sababu kinamwelekea kile kilicho juu yake. Miongoni mwa mifano yake ni chemchemi isiyo na chanzo kingine, ambayo hujitoa kwa mito yote bila kupunguka.

Msomaji wa Chimala hahitaji kwenda Alexandria ili auelewe mfano huu. Chimala imekaa chini ya ukingo wa milima, mahali barabara ya Matamba inapoanza kupanda kwa kona zake 57. Kutoka milimani huko hushuka mto Chimala. Maji yake hupita katika mifereji na majaruba ya mpunga ya Usangu, huungana na Ruaha Mkuu, huenda mabwawa ya Mtera na Kidatu yanakozalishwa umeme, huingia Rufiji na kumalizikia baharini. Jaruba ni jaruba kwa sababu ya mfereji, na mfereji ni mfereji kwa sababu ya mto. Kuanzia miaka ya 1990 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi huko chini katika Hifadhi ya Ruaha, kwa kuwa maji mengi yalichukuliwa huku juu; na wote waliouona mto huo wamejifunza kwamba linalotendeka shambani mwa mmoja humfikia mwingine aliye mbali.

KUHUSU NA KUHUSIANA

Mafundisho haya yaliingia katika nchi za Kiislamu karne ya tisa. Huko Baghdad, katika kundi la wanachuoni waliokuwa na al-Kindi, Abdul Masih bin Naima wa Hims alifasiri kwa Kiarabu sehemu za maandishi ya Plotinus. Kitabu hicho kikajulikana kwa jina la Theolojia ya Aristotle, na watu wakadhani kuwa ni cha Aristotle kweli. Wanafalsafa wakubwa wa Kiislamu walikunywa katika mto huo, na wengine wakafikia kusema kwamba ulimwengu hauna mwanzo, na kwamba Mwenyezi Mungu hulijua kila jambo kwa jumla tu. Mwaka 1095 Imam al-Ghazali aliwajibu kwa ukali katika kitabu chake cha kubatilisha hoja za wanafalsafa.

Je, kosa lilikuwa wapi? Tulitazame neno letu wenyewe: uhusiano. Linatoka katika kuhusiana, na mwisho wake ni ule ule wa kupendana, kujuana na kusaidiana. Kwa hiyo ni neno lenye pande mbili. Sasa chemchemi ya milimani inauhusu mpunga wa Usangu sana, hata mpunga hauwezi kuishi bila hiyo. Lakini chemchemi haiujui mpunga. Haikuamua kuunywesha, wala haisikii unapokauka. Na Mmoja wa Plotinus ni hivyo hivyo: vyote hutoka kwake kwa lazima, kama joto litokavyo katika moto. Anavihusu vitu vyote, lakini hahusiani navyo.

Mungu wa Kurani Tukufu ni mwingine kabisa. Yeye huumba kwa kutaka. Akiazimia jambo huliambia liwe, nalo huwa (36:83). Haliporomoki jani ila analijua (6:60). Tena waja wake wanapomwuliza Mtume s.a.w. habari zake, jibu ni kwamba Yeye yu karibu, na hujibu ombi la mwombaji amwombapo (2:187). (Msomaji mgeni akumbuke kwamba sisi tunahesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza.) Mkulima aliyesimama kwenye jaruba lake lililokauka anaweza kuisifu chemchemi, lakini hawezi kuiomba. Mungu wetu anaombwa, naye anajibu.

JE, MUNGU ANAHITAJI MWENZI?

Hapa wenzetu Wakristo huuliza: "Ikiwa uhusiano ni jambo kuu hivyo, na Mungu ni upendo, je, alimpenda nani kabla ya kuumba? Si lazima basi wawemo nafsi zaidi ya moja katika Uungu?" Hoja hii ni ya zamani. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliyefariki mwaka 430, alisoma vitabu vya wafuasi wa Plato, kisha akaueleza Utatu kwa kutumia neno hilo hilo la uhusiano.

Tunajibu kwa heshima. Viumbe ndivyo vinavyohitaji uhusiano ili viweko, kwa sababu havikujileta vyenyewe. Mwenyezi Mungu ni Ahad na Samad: ni Mmoja, wote wanamtegemea, naye hamtegemei ye yote (112:2-3). Mwenye kusikia ni mwenye kusikia hata kabla hajaitwa, na Mwenye rehema ni mwenye rehema hata kabla hajaumba wa kurehemiwa. Sifa ni zake. Haazimi kwa mwenzi. Kama upendo wake ungehitaji wa pili ili ukamilike, asingekuwa Samad. Plotinus, ingawa hakuwa na kitabu cha mbinguni, aliona vema kwamba aliye Asili ya vyote hawezi kuwa na wingi ndani yake.

TULIUMBWA KWA KUSHIKAMANA

Katika sura iliyotangulia kushuka, Mwenyezi Mungu anasema kwamba amemwumba mwanadamu kwa alaq (96:3). Neno hili hufasiriwa pande la damu, lakini asili yake ni kushikamana na kung'ang'ania, na katika shina hilo hilo Waarabu hupata neno lao la uhusiano. Basi kushikamana kumo katika mwanzo wetu. Mtoto tumboni ameshikamana na mama yake kabla hajawa na jina.

Na tumbo hilo la mama, kwa Kiarabu rahim, lina shina moja na Rahman na Rahim, majina ya Mwenyezi Mungu. Mtume Mtukufu s.a.w. alitufundisha kwamba Mungu amelitoa jina la undugu wa tumbo katika jina lake Mwenyewe, na kwamba anayeuunga undugu huo, Mungu humwunga, na anayeukata, Mungu humkata.

Plotinus aliuona mwili kuwa mzigo. Porphyry anaeleza kwamba mwalimu wake alikuwa kama mtu anayeona haya kuwa ndani ya mwili. Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, katika hotuba yake mashuhuri iliyosomwa Lahore mwezi Desemba 1896, alifundisha kinyume chake: roho huumbwa humo humo mwilini, na matendo ya mwili huigusa roho. Ndiyo maana katika Sala tunasimama, tunarukuu na kusujudu.

KAMBA YA PINDE MBILI

Safari ya Plotinus huishia kwa roho kuacha yote na kwenda peke yake kwa Mmoja. Lakini safari ya Mtume Mtukufu s.a.w. haikuishia huko. Kurani Tukufu inasema kwamba alikaribia, kisha akashuka, akawa kama kamba ya pinde mbili (53:9-10). Seyidna Ahmad a.s. ameeleza kwamba alipanda kwa Mungu kwa upendo, kisha akawashukia wanadamu kwa huruma, akawa kiungo baina ya pande mbili. Basi mtu akidai kwamba amemkaribia Mungu, naye amewapa kisogo watu, safari yake haijakamilika. Tazama pia Sura al-Fatiha: hata anayesali peke yake chumbani husema kwa wingi, kwamba sisi tunamwabudu Yeye tu (1:5).

Sasa tumrudie kijana wa Chimala. Nilimwambia: Wazee hawakukosea, mtu ni watu. Lakini wewe hukuukata undugu. Aliyekuumba kwa alaq ndiye aliyekuita, na hakukuita ili akutoe tumboni mwa mama yako. Kurani Tukufu inaamuru kwamba wazazi wakikushurutisha umshirikishe Mungu, usiwatii katika hilo, lakini ukae nao kwa wema duniani (31:15-16). Nao wasiokupiga vita kwa ajili ya dini, hukukatazwa kuwatendea mema (60:9). Baba akifunga mlango, wewe usiufunge wa kwako. Msimu wa kupandikiza mpunga ukifika, nenda katika jaruba lake bila kuitwa. Dada yako akiuguliwa na mtoto, uwe wa kwanza kufika. Na usiku uwaombee kwa majina yao.

Alinisikiliza, kisha akauliza: "Na baba akiendelea kukataa?" Nilimjibu kwamba kamba hufungwa pande mbili, na kwamba yeye ameamriwa kuushika upande wake tu. Upande wa pili yuko Mwenye kuzigeuza nyoyo.

Ndugu msomaji, kama nawe umo katika hali hiyo, usijihesabu kuwa umebaki peke yako. Twamwomba Mwenyezi Mungu atuunge na Yeye, atuunge na wazazi na ndugu zetu, na awaonyeshe nuru wale tuwapendao. Amin.