Watani wa Jadi Wapangwe Kundi Moja? Somo kwa Familia Zilizohama na Viongozi wa Likasi



Vijana wanapotaka kuanzisha mashindano ya mpira, swali la kwanza huwa la pesa: mipira itatoka wapi, jezi zitanunuliwa na nani? Swali la pili huachwa mpaka siku ya mwisho, nalo ndilo gumu zaidi: nani atacheza na nani? Timu ya wahamiaji na timu ya wenyeji zinapojulikana kuwa hazipatani, tuzitenganishe, au tuziweke katika kundi moja?

Viongozi wengi hujibu kwa haraka: "Tuwatenganishe, tusitafute matata." Katika somo hili tunataka kuonyesha kwamba jibu hilo, ingawa linatoka katika moyo mzuri, mara nyingi huiahirisha hatari tu. Tutaanza na historia ya mji wetu, kisha tutaona jinsi ligi kubwa za karibu na za mbali zilivyopanga wapinzani wao. Mwisho tutapendekeza hatua ambazo kamati ya kartiye inaweza kuzifuata.

1. Kwa nini jambo hili ni zito Likasi

Watu wazima wa Likasi hawahitaji kuambiwa. Tarehe 15 Agosti 1992, Mkutano Mkuu wa Taifa huko Kinshasa ulimchagua Etienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Katika majuma yaliyofuata, ugomvi wa wanasiasa ulishuka mpaka kwenye nyua za watu. Hapa Likasi, familia za asili ya Kasai zilifukuzwa katika nyumba zao, nyingine zikiwa zimeishi hapa tangu enzi za Union Minière. Walilala kwenye kituo cha gari moshi na katika shule, wakingoja mabehewa ya kuwapeleka Kasai, nchi ambayo watoto wao wengi hawakuwahi kuiona. Wengine walikufa kwa magonjwa kabla ya kusafiri. Mwaka uliofuata moto ulifika Kolwezi. Katika Katanga yote, watu waliohamishwa walihesabiwa kwa mamia ya maelfu.

Tukumbuke pia kwamba maneno yalitangulia mawe. Majirani waliitwa bilulu, yaani wadudu. Mtu akishaitwa mdudu, kumkanyaga huwa rahisi.

Tangu wakati ule watu wameendelea kuhama. Wengine walikimbia vita katika maeneo ya Mitwaba, Manono na Pweto, yaliyopewa jina baya la "pembetatu ya kifo". Wengine walikimbia vita vya Kamuina Nsapu vilivyoanza Kasai mwaka 2016, na miaka iliyofuata familia nyingi za Kasai zilishuka kwa gari moshi katika miji ya Katanga. Kwa hiyo vijana wa ukoo uliofukuzwa, vijana wa ukoo ulioshangilia na vijana waliofika juzi wanaweza leo kukutana kwenye uwanja mmoja wa vumbi. Mpangaji wa mechi amebeba jambo zito.

2. Tunachojifunza kwa Linafoot

Nchi yetu ni kubwa na barabara ni mbaya. Ndiyo sababu ligi ya taifa, Linafoot, imebadilisha makundi yake mara nyingi. Kwa misimu kadhaa katikati ya miaka ya 2010, timu ziligawanywa katika kanda tatu: Magharibi, Mashariki na Kati-Kusini, na timu bora za kila kanda zikakutana mwishoni.

Tazama kilichotokea katika kanda ya Kati-Kusini. TP Mazembe na Saint-Éloi Lupopo za Lubumbashi zilipangwa pamoja na Sanga Balende ya Mbuji-Mayi na timu za Kananga. Nia kuu ilikuwa kupunguza gharama za safari. Hata hivyo Katanga na Kasai ziliwekwa katika meza moja ya pointi. Ilibidi timu ya Mbuji-Mayi ishuke Lubumbashi, na timu ya Lubumbashi ipande Mbuji-Mayi. Mechi hizo zilikuwa na joto lake, lakini zilikuwa kwenye kalenda, na kila mtu alijua kwamba kuna mechi ya marudiano.

Mazembe na Lupopo wenyewe ni mfano. Timu zote mbili zilianzishwa mwaka 1939, Mazembe ikianza mikononi mwa wamonaki Wabenedikto, Lupopo ikiwa na mizizi kwa wafanyakazi wa reli. Mashabiki wao hupigiana kelele tangu enzi za mababu. Lakini katika nyumba moja utamkuta baba wa Lupopo na mtoto wa Mazembe, nao wanakula ugali kwenye sahani moja. Wamekutana mara nyingi mno kiasi kwamba kushindwa leo si mwisho wa dunia.

Sasa tazama upande mwingine. Tarehe 11 Mei 2014, Mazembe ilicheza na AS Vita Club katika uwanja wa Tata Raphaël, Kinshasa. Zilikuwa timu za pande mbili za nchi zikiwania ubingwa. Vurugu zikaanza, polisi wakarusha gesi ya machozi, watu wakakimbilia milangoni. Watu wasiopungua 14 walikufa, wengi kwa kukanyagana. Hatusemi kwamba ratiba peke yake iliwaua. Milango, gesi na wingi wa watu vilichangia. Lakini wapinzani wakikutana mara chache, na mechi moja ikabeba kila kitu, kosa dogo hugeuka msiba.

3. Mfano kutoka nchi za barafu

Huko Marekani na Kanada kuna ligi kubwa ya mchezo wa magongo unaochezwa juu ya barafu, inayoitwa NHL. Wengi wetu hatujauona mchezo huo, lakini viongozi wake wamehangaika na swali letu hili hili kwa miaka mingi.

Mwaka 1981 walipanga timu zao 21 katika makundi manne kwa kufuata ujirani. Timu za kundi moja zilikutana mara 7 au 8 kwa msimu, kisha zikakutana tena katika mechi za mtoano, ambapo anayeshindwa hurudi nyumbani. Timu za Montreal na Quebec, miji miwili ya jimbo moja, ziliwekwa pamoja. Watu walijaa viwanjani. Lakini tarehe 20 Aprili 1984, siku ya Ijumaa Kuu, katika mechi ya mtoano, wachezaji wa timu hizo walipigana ngumi mara mbili katika mechi moja, na wengi wakafukuzwa uwanjani. Funzo: kuwaweka wapinzani pamoja huongeza moto. Kama sheria ni legevu na mtoano unakuja kila mwaka, ujirani peke yake hauleti amani.

Mwaka 2013 walipanga upya. Winnipeg, mji wa katikati ya Kanada, ulikuwa umecheza misimu miwili katika kundi moja na timu za Florida, mbali kabisa kusini. Ukapewa majirani wa karibu. Timu ya Detroit ilihamishiwa mashariki ili isisafiri mbali sana, lakini ikaachana na Chicago, mpinzani wake tangu miaka ya 1920. Sasa wakawa wanakutana mara mbili tu katika msimu wa kawaida, na mashabiki wa pande zote walisikitika. Funzo la pili: watu huupenda upinzani wao wa zamani kama mali ya ukoo. Ukiuondoa bila kuzungumza nao, umewanyang'anya kitu.

4. Watani, mashemeji na matusi

Lugha yetu ya Kiswahili ina hekima hapa. Huko Tanzania, Simba na Yanga huitwa "watani wa jadi". Mtani ni mtu unayeruhusiwa kumcheka, na siku ya msiba ndiye anayekuja kukusaidia kuzika. Huko Kenya, mechi ya Gor Mahia, yenye mizizi kwa Waluo, na AFC Leopards, yenye mizizi kwa Waluhya, huitwa mechi ya Mashemeji, kwa sababu makabila hayo yameoana sana. Leopards zamani ilibeba jina la Abaluhya. Karibu na mwaka 1980, serikali ilipokataza majina ya kikabila, ikabadili jina. Jina lilibadilika, upinzani ukabaki, lakini mlango wa mchezaji wa kabila lingine ukafunguka zaidi.

Kwa hiyo tutofautishe mambo mawili. Utani hucheka mpira wa mtu: "Golikipa wenu ana mikono ya siagi." Tusi hugusa asili ya mtu: "Rudini kwenu." Utani unaujenga upinzani. Tusi linaturudisha kwenye kituo cha gari moshi cha mwaka 1992.

5. Kucheza dhidi yao, au kucheza pamoja nao?

Kuna utafiti mmoja unaotuhusu sana. Mtafiti Salma Mousa aliandaa ligi ya mpira kaskazini mwa Iraki kwa Wakristo waliokuwa wamefukuzwa makwao na kundi la Islamic State, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 2020. Kwa bahati nasibu, timu nyingine za Wakristo ziliongezewa wachezaji Waislamu, na nyingine ziliongezewa Wakristo wenzao. Waliocheza na Waislamu katika timu moja walikuwa tayari zaidi kujiandikisha tena katika timu mchanganyiko na kumpigia kura Mwislamu wa timu nyingine apewe tuzo ya mchezaji muungwana. Miezi sita baadaye walikuwa bado wanafanya mazoezi pamoja nao zaidi kuliko wengine.

Lakini utafiti huo ulisema pia ukweli mchungu: urafiki ulibaki uwanjani. Haukuonekana wazi kwamba walianza kwenda kula katika mikahawa ya mji wa Waislamu, au kuja na familia zao kwenye sherehe za pamoja. Tusidanganyane kwamba mpira utamaliza kazi. Unafungua mlango tu. Kuingia ni kazi ya wazazi na viongozi.

6. Hatua tunazopendekeza

Kwanza, timu ziundwe kwa mahali, si kwa kabila. Tuna komini nne: Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Kila kartiye itoe timu yenye wenyeji na waliohama. Wachezaji wa akiba nao wawe mchanganyiko, ili wageni wasiwe wa kukaa benchi tu.

Pili, majina yasiwe ya kabila, chama wala mwanasiasa. Tumieni jina la kartiye, mti, mto au madini.

Tatu, kartiye zenye upinzani ziwekwe katika kundi moja. Tuchukue mfano wa timu 8. Mkizitenganisha wapinzani katika makundi mawili, huenda wakakutana siku ya fainali tu, kombe likiwa mezani na mji mzima ukiwa uwanjani. Mkiwaweka katika kundi moja la timu 4, kwa mechi za nyumbani na ugenini, kila timu hucheza mechi 6. Mechi moja ya wapinzani ina pointi 3 kati ya 18. Anayeshindwa leo bado ana njia. Wakikutana tena fainali, watakuwa wameshapeana mikono mara mbili.

Nne, mechi yao ya kwanza iwe mwanzoni mwa ratiba, mchana, na imalizike kabla ya giza. Milango yote ya uwanja ibaki wazi mpaka mtu wa mwisho atoke.

Tano, waamuzi na kamati watoke pande zote. Sheria ya matusi isomwe mbele ya wote kabla ya mechi ya kwanza: mashabiki wakitukana asili ya mtu, timu yao inapoteza pointi. Adhabu hiyo iwapate wenyeji na wageni sawasawa.

Sita, wasichana wawe na mashindano yao kwa heshima ile ile, kwa kalenda na uwanja ule ule.

Saba, pangeni jambo la nje ya uwanja: wamama wa kartiye mbili wapike pamoja siku ya mechi, vijana wasafishe kisima au mtaro pamoja kesho yake. Hapo ndipo kazi ambayo mpira hauwezi kuimaliza huanza.

7. Maswali ya kuzungumza katika kikundi

a) Katika kartiye yetu, ni utani gani tunaoupenda, na ni neno gani linalowaumiza wengine?

b) Ni kartiye zipi tunazozitenganisha kwa kuogopa? Wanakutana wapi sasa: kisimani, sokoni, au popote?

c) Timu yetu ikishindwa na wageni, mzee gani atasimama wa kwanza kuwapongeza?

d) Familia zilizohama zinasemaje kuhusu ratiba hii? Nani amewauliza?

Swali la mwisho lijibiwe kabla ya majina ya timu kuingizwa kwenye kofia.