GONGA MWAMBA KABLA YA KUTUMA PESA



Ukurasa huu huzungumza kila mara juu ya kofia, viatu na baramini. Leo tunazungumza juu ya telefone yako. Usicheke. Kwa dakika tano telefone inaweza kukunyang'anya mshahara wa mwezi mzima, na mtu aliyepoteza mshahara hushuka shimoni huku mawazo yake yako kwingine. Hapo ajali haiko mbali.

Tuseme hivi. Umetoka ekipi ya usiku, umelala nyumbani Kamanyola. Saa nne ya asubuhi telefone inalia. Mtu anakuita kwa jina lako lote. Anasema: "Baba, niko hospitali hapa Bukavu. Mtoto wako amepata ajali ya gari kule Ngomo. Daktari anataka dola 80 sasa hivi, kabla ya kumpasua. Usikate telefone!" Ngomo unaijua. Ni nani kati yetu asiyesikia habari za magari yaliyoanguka kwenye zile kona? Na mtoto anasoma kweli Bukavu. Unaruka kitandani, unakimbia kabini, unatuma. Jioni mtoto anapiga telefone kuomba pesa za daftari. Ni mzima kabisa.

Mwizi yule hakuvunja mlango. Alishika mapenzi yako kwa mtoto na hofu ya barabara ile, basi. Angalia maneno yake: "sasa hivi" linakunyima nafasi ya kufikiri, na "usikate" linakunyima nafasi ya kuuliza. Jina lako alilipata wapi? Katika huduma nyingi za pesa za telefone, mtu akiandika namba yako kama anayetaka kukutumia pesa, jina lako linatokea mbele hajamaliza. Na shule ya mtoto? Huenda uliiandika wewe mwenyewe chini ya foto kwenye Facebook. Kwa hiyo anayekuita kwa jina si lazima awe anakujua.

Mgodini huingii chini ya mwamba kwa sababu tu mtu amesema ni mzima. Unashika baramini, unagonga, unasikiliza. Mwamba mzima unalia kama kengele. Uliolegea unatoa sauti ya ngoma. Fanya vilevile na telefone. Kata, hata kama amekukataza. Kisha piga namba ya mtoto, ya mwalimu au ya ndugu anayekaa Bukavu, namba uliyo nayo tangu zamani, si ile aliyokupa yeye. Siku hizi mashine zinaweza kuiga hata sauti ya mtu, kwa hiyo kusikia kilio cha mtoto peke yake hakutoshi. Kubalianeni nyumbani neno moja la siri, wewe na bibi na watoto. Anayeomba pesa kwa jina la familia bila neno hilo, asipewe.

Udanganyifu wa pili hauleti hofu, unaleta haya. Ujumbe unaingia: "Umepokea 115 000 FC." Halafu mama mmoja anapiga, analia, anasema amekosea namba, umrudishie. Wewe ni mtu mwema, unatuma. Lakini hakuna kilichoingia. Ujumbe ule aliuandika yeye kwa vidole vyake. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kufika kwetu Kongo mwaka 2012, na hila hii inafuata huduma hizo kila zinapokwenda. Usiamini ujumbe, fungua sanduku lako mwenyewe uhesabu, la dola na la franka yote mawili. Na ukikuta pesa imeingia kweli? Hata hivyo usirudishe kwa mkono wako. Mwambie aende kwa kampuni ya telefone, wao wairudishe. La sivyo unaweza kulipa mara mbili: wewe umetuma, na yeye naye amedai irudishwe.

Kode ya siri haiombwi na ajenti, wala na shefu, wala na biro ya mishahara. Vilevile ile kode ya tarakimu 6 ya WhatsApp. Mtu akisema "imefika kwako kwa makosa, nisomee", ukimsomea atachukua WhatsApp yako na kuanza kuwaomba shemeji zako pesa kwa jina lako.

Sisi tunakaa mpakani, ng'ambo ya Ruzizi ni nchi nyingine. Namba ya +250 ni ya Rwanda, +257 ya Burundi, +243 ya kwetu. Lakini +243 nayo haimfanyi mtu kuwa mwaminifu.

Na dhahabu! Aibu kwetu watu wa migodi kudanganywa na dhahabu, lakini hutokea. Wanakupa kipande kidogo ukijaribu, nacho ni dhahabu kweli. Mfuko unaofuata ni shaba iliyong'arishwa. Dhahabu safi ina uzito wa gramu 19,3 kwa kila sentimeta mchemraba, shaba haifiki 9. Mizani na kikombe cha maji vinatosha kumfunua. Ndiyo sababu anakuambia mfanye upesi, usiku, bila mtu wa tatu.

Ikiwa tayari umetuma, usifiche kwa haya. Piga mara moja kwa kampuni ya telefone waizuie pesa kabla haijatolewa. Hapo kila dakika ni mali. Usifute ujumbe. Andika namba, saa na kiasi, uende navyo polisi pamoja na kitambulisho chako. Badilisha kode. Waambie jamaa, maana jioni ileile atawapigia wao. Na ikiwa zamu yako inaanza siku hiyo, mwambie kapita yaliyokupata mbele ya kushuka, akuweke kazi ya juu mpaka kesho.