Mwisho wa Neno: Vitenzi vya Kihispania

Mvuvi wa Nyakato, huko Musoma, akinunua nyavu kwa mkopo hutia sahihi yake katika hati. Hati ikisema "ninalipa", deni ni lake. Ikisema "analipa", deni ni la mtu mwingine. Silabi moja imemhamisha mdaiwa! Basi, mwenye kujifunza lugha hana budi kujua ni wapi katika neno mtenda hutajwa. Katika Kiswahili hutajwa mwanzoni: ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-. Katika Kihispania hutajwa mwishoni.

Kihispania ni lugha ya Hispania, nayo husemwa katika nchi nyingi za Amerika ya Kati na ya Kusini. Hata Afrika kipo: Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru mwaka 1968, hukitumia katika serikali na shule. Tena Kihispania na Kiswahili zote mbili ni miongoni mwa lugha za Umoja wa Afrika. Kanuni za Kihispania zilitiwa kitabuni zamani. Antonio de Nebrija alitoa kitabu chake cha sarufi mwaka 1492.

Vitenzi vya lugha hiyo vina miisho mitatu: -ar, -er na -ir. Twaeni pagar, maana yake kulipa. Ondoeni -ar, hubaki pag-, nalo ndilo shina. Kisha tieni miisho ya wakati uliopo:

pago: ninalipa
pagas: unalipa
paga: analipa
pagamos: tunalipa
pagáis: mnalipa
pagan: wanalipa

Angalieni, hapana silabi iliyo kama -na- yetu. Mwisho mmoja hufanya kazi mbili: hutaja mtenda, tena huonyesha wakati.

Vitenzi vya -er hufuata comer, yaani kula: como, comes, come, comemos, coméis, comen. Vya -ir hufuata vivir, yaani kuishi: vivo, vives, vive, vivimos, vivís, viven. Linganisheni mafungu haya mawili. Miisho yake ni sawa, ila katika "sisi" na "ninyi" tu. Alama iliyo juu ya herufi, kama katika coméis, huonyesha mahali pa kutia mkazo.

Liko na jambo la adabu. Kwa Kiswahili "unalipa" huambiwa mtoto na mzee pia. Heshima huja kwa maneno mengine, kama shikamoo. Kwa Kihispania heshima huingia katika kitenzi chenyewe. Rafiki huambiwa pagas, lakini mtu wa kuheshimiwa huambiwa usted paga, kwa mwisho ule ule wa "yeye". Kwa hiyo paga peke yake yaweza kuwa "analipa", au "unalipa, bwana". Msomaji hana budi kuyatazama maneno ya jirani kabla ya kusema ni nani mwenye kulipa.

Viko vitenzi visivyofuata kanuni hizi, kama ser, yaani kuwa. Hivyo hujifunzwa kimoja kimoja.

MAZOEZI
1. Andikeni kwa nafsi zote sita: cantar (kuimba), vender (kuuza), escribir (kuandika).
2. Fasirini kwa Kihispania: tunauza, wanaandika, unaimba (kwa rafiki), unaimba (kwa mzee).
3. Elezeni tofauti ya vendo na vende. Ni herufi gani iliyoileta?