Kuua bila shahidi wa macho

Swali: Mtu anawezaje kutiwa hatiani kwa mauaji ilhali hakuna aliyemwona akiua? (Msomaji, Manyoni)

Jibu: Anaweza, na historia ya mkoa wako wa Singida ina somo hapa. Miaka ya 1940, vifo vilivyodhaniwa kuwa kazi ya simba viligeuka kesi za mauaji, ikidaiwa wauaji walijivika ngozi za wanyama. Swali la kwanza halikuwa nani kaua, bali kama aliyeua ni binadamu hasa. Na hilo hujibiwa na majeraha, nyayo na mahali mwili ulipokutwa. Huo ndio ushahidi wa mazingira. Kipimo chake, kilichowekwa wazi katika kesi ya Simon Musoke ya 1958, ni kikali: mambo yaliyothibitishwa yasipatane kabisa na kutokuwa na hatia, wala yasiwe na maelezo mengine ya busara. Utasema shahidi wa macho ni bora? Macho hukosea, hasa usiku. Damu kwenye panga haina kinyongo na jirani. Ila nayo yaweza kuwa ya mbuzi, ndiyo maana hupelekwa kwa Mkemia Mkuu. Aliyeonekana mwisho na marehemu hutakiwa ajieleze, ingawa mzigo wa kuthibitisha pasipo shaka ya msingi unabaki kwa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka.