Mdomo wa Chini Ukikatika, Usikimbilie Kushona

Ngamia dume akiingia msimu wa kutaka jike, wafugaji wa Garissa na Wajir humjua kwa mbali. Hutoa povu, husaga meno na kutokeza pembeni mwa kinywa kitu kama puto jekundu. Wakati huo hata aliyemlea tangu udogoni hamwamini. Miaka kadhaa iliyopita mvulana wa miaka 11 kutoka sehemu za Liboi alimkaribia dume wa namna hiyo ili amfungue kamba. Meno yalimnasa mdomoni. Aliponifikia mjini Garissa ilikuwa siku ya nne, amefungwa leso iliyolowa mate, na karibu nusu ya mdomo wake wa chini haikuwapo.

Nilimwuliza kwa Kisomali changu kibovu anataka nini. Alitaka maji, yaani "biyo", lakini kilichotoka ni "iyo". Bila mdomo wa chini huwezi kuitamka b wala m, kwa kuwa herufi hizo huhitaji midomo miwili ikutane. F nayo humhitaji mdomo wa chini uguse meno ya juu. Mtoto wa namna hiyo akiwa Nairobi hawezi kusema hata "mama".

Lakini msomaji asidhani kazi ya mdomo huu ni kusema na kupendeza tu. Mdomo wa chini ni ukingo wa bwawa. Kinywa hutengeneza mate kati ya nusu lita na lita moja na nusu kila siku, na ukingo ukibomoka mate hayo humwagika kifuani usiku na mchana. Ngozi ya kidevu huchubuka, uji na maziwa hutoka, meno hukauka na kuoza. Mgonjwa hujitenga na watu kwa sababu ya harufu.

Wengi husikia "upasuaji wa plastiki" wakafikiri ni mambo ya matajiri wanaotaka pua nyembamba, au kwamba daktari hutia plastiki ya ndoo mwilini. Neno hilo lina asili ya Kiyunani na maana yake ni kufinyanga. Hapa kwetu historia yake ni ya heshima. Shirika la AMREF, ambalo ndege zake zimewabeba wagonjwa wengi kutoka kaskazini mwa Kenya, lilianzishwa mwaka 1957 na madaktari watatu: Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees. Wote watatu walikuwa wapasuaji wa fani hii. McIndoe ndiye aliyewatengenezea nyuso upya marubani walioungua katika Vita Vikuu vya Pili, huko East Grinstead, Uingereza. Kwa hiyo daktari wa ndege tunayemsifu alizaliwa katika nyumba ya wafinyanzi wa nyuso.

Sasa daktari hufanya nini? Kwanza hupima ni kiasi gani kimepotea. Mdomo hunyumbulika sana, na ikiwa kilichokosekana hakizidi theluthi moja, pande mbili zilizobaki huvutwa zikashonwa pamoja. Baada ya miezi michache ni vigumu kumtambua aliyeshonwa.

Kikizidi theluthi moja hadi kufikia theluthi mbili, mdomo wa juu huombwa msaada. Estlander wa Finland alieleza njia yake mwaka 1872, na Robert Abbe wa New York akaeleza ya kwake mwaka 1898. Kipande cha pembe tatu hukatwa kutoka mdomo mmoja lakini hakiachanishwi kabisa. Huachwa kikining'inia kwenye mshipa wake mdogo wa damu, kikageuzwa na kushonwa kwenye pengo la mdomo wa pili. Katika njia ya Abbe midomo miwili hukaa imeunganishwa kwa daraja hilo la nyama kwa wiki mbili hadi tatu, na mgonjwa hunywa kwa mrija pembeni. Kipande kikishapata damu ya makao yake mapya, daraja hukatwa. Mara ya kwanza nilipoiona kazi hii nilidhani ni mzaha.

Njia nyingine ni ya Karapandžić wa Yugoslavia, mwaka 1974. Yeye husogeza nyama ya pembeni mwa kinywa pamoja na misuli na neva zake, hivyo mdomo mpya huhisi moto na baridi na huweza kufumba. Kasoro yake ni kwamba tundu la kinywa hupungua. Kwa mtu anayekula kwa mkono, na kwa mzee atakayehitaji meno ya bandia, hilo si jambo dogo. Mdomo ukiwa umekwisha wote, nyama huletwa kutoka mashavuni, au ngozi ya mkono wa mbele huhamishwa na mishipa yake ikaunganishwa upya chini ya darubini. Hiyo ni kazi ya saa nyingi na ya hospitali kubwa.

Yote hayo huwa rahisi au magumu kutegemea saa za kwanza, na hapa nina maungamo. Nikiwa daktari mchanga katika hospitali moja, nililetewa kijana aliyepasuliwa mdomo kwa chupa. Nilidunga ganzi kwanza, mdomo ukavimba, nami nikashona nilivyoona. Uvimbe uliposhuka, mstari unaotenga ngozi ya uso na nyama laini ya mdomo ulikuwa umepinda kama ngazi. Mstari huo ukikosewa milimita moja tu, jicho la kila mtu huona. Ilinipasa kuutia alama kabla ya sindano, na uzi wa kwanza wa ngozi uwe pale pale. Kijana yule alijifunza kufunika mdomo kwa mkono akicheka.

Wewe wa mjini huenda usikutane na ngamia, lakini mbwa wapo, bodaboda zipo, na ugomvi wa baa unaoishia kwa kung'atana upo kila mwisho wa mwezi. Mkalishe majeruhi akiwa ameinama mbele ili asimeze damu, na ubane jeraha kwa kitambaa safi kwa dakika kumi bila kuchungulia. Aliyeumwa na mnyama aoshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, kwani jeraha la usoni liko karibu na ubongo na virusi havina safari ndefu. Hata ngamia hupata ugonjwa huo. Aulizwe pia habari za pepopunda. Kipande kilichokatika kifungwe kwa kitambaa safi kibichi, kitiwe katika mfuko wa plastiki, na mfuko huo uwekwe juu ya maji ya barafu. Barafu isikiguse chenyewe. Majivu, kahawa na mafuta ya taa mwachie jirani anayeyashauri.

Na si majeraha tu. Saratani ya mdomo hushika wa chini kuliko wa juu, kwa sababu ndio unaopigwa na jua. Wenye ualbino wamo hatarini zaidi, na wavutao tumbaku pia. Kidonda cha mdomo kisichopona kwa wiki tatu kikatwe kipande kidogo kikapimwe. Kikigunduliwa mapema huondolewa kwa ile njia nyepesi ya theluthi moja.

Mvulana wa Liboi hatukumshona siku ile. Jeraha lilikuwa limeoza. Tulilisafisha kila siku, tukampa dawa za kuua vijidudu na chanjo, tukangoja. Baba yake alikasirika, akisema amesafiri kote huko ili mtoto ashonwe, na sikumlaumu. Miezi mitano baadaye, kovu likiwa limelainika, mpasuaji wa Nairobi alimtengenezea mdomo kwa kuazima wa juu.

Alipopita kwangu akirudi nyumbani alikunywa chai ya maziwa kikombe kizima, tone moja tu likaanguka. Akasema "biyo" bila kuulizwa. Lililomsumbua ni mluzi, maana kwao ngamia hupigiwa mluzi wakinywa kisimani, na wake ulitoka hewa tupu. Nilimwelekeza akaze midomo mara 20 asubuhi na 20 jioni, na baba akaniuliza kama ngamia wenyewe watasubiri.