Usivae Minervali: Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Wanaokwenda Kusoma Ng'ambo

Wanyanga wa Walikale, mashariki mwa Kongo, husimulia habari za Mwindo, mtoto aliyezaliwa akicheka na kutembea, tena akiwa tayari amejipamba: mkono wa kuume mgwisho wa mkia wa mnyama, uitwao konga, mkono wa kushoto tezo, mgongoni kifuko chenye kamba ndefu ndani yake. Baadaye, kabla hajaenda kumkabili baba yake, wajomba zake wahunzi walimvika chuma mwili mzima, kuanzia viatu hadi kofia. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliyatia masimulizi hayo kitabuni mwaka 1969. Basi asije mtu akakwambia kwamba mtoto wa Walikale hajui kujivika kwa safari. Anajua. Ila husahau siku anapopata viza.

Mimi yaya wenu nilisoma Kampala, nikaenda Ubelgiji, nikarudi. Sasa nafundisha kushona mjini Goma. Wananijia vijana wa Masisi na Walikale, kutoka Kitchanga, Nyabiondo, Pinga na Mubi, kuniuliza watie nini sandukuni. Ninayowajibu hawayapendi. Nayaandika hapa ili asiwepo wa kusema hakuambiwa.

Usivae minervali. Pesa ya masomo isigeuke kiatu. Masisi tunajua nyumba inavyonyamaza siku ng'ombe anapouzwa. Walikale tunajua madini ya kasiterite yanavyotoka porini kwa mgongo wa mtu. Halafu kijana anafika Matonge, mtaa wa Waafrika pale Ixelles, Brussels, uliorithi jina la Matonge ya Kinshasa. Anawaona wasapa, watu wa umaridadi wa mavazi, wakipita na makoti ya Paris na Tokyo. Wiki ya tatu ananipigia simu: yaya, bursi imechelewa. Bursi haikuchelewa. Ameikanyaga.

Sisemi sapa ni upuuzi, na asiyejua historia yake asiicheke. Rais Mobutu alipokataza suti na tai, akawaletea wanaume abakosti, koti lisilovaliwa na tai, na wanawake wakanyimwa suruali na wigi, kuvaa suti ya kigeni Kinshasa kulikuwa kubishana na serikali bila kufungua mdomo. Tai iliruhusiwa tena tarehe 24 Aprili 1990, siku Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja. Papa Wemba, aliyeitangaza sapa duniani, alianguka jukwaani Abidjan akafariki tarehe 24 Aprili 2016. Wanafunzi wangu huwa nawaandikia tarehe hizo mbili ubaoni, moja chini ya nyingine, na wenye akili hawahitaji niongeze neno. Kwa hiyo simama, msalimie msapa kwa heshima, muulize kuhusu kanuni ya rangi tatu, kwamba vazi zima, kuanzia kofia hadi soksi, lisizidi rangi tatu. Ni somo la bure na linafaa. Kisha panda basi urudi bwenini na pesa yako.

Jifunze sheria za nchi kabla ya mitindo yake. Uganda, nguo yenye madoa ya kijeshi si ya raia, hata kama umeiokota katika rundo la mitumba kwa bei ya chai. Ninyi mliokulia Masisi hamhitaji kuelezwa kwa nini. Bereti nyekundu nayo iliorodheshwa kuwa vazi la jeshi mwaka 2019, baada ya kuwa alama ya wafuasi wa upinzani. Usinijibu kwamba inakupendeza.

Rwanda, mifuko ya plastiki imekatazwa tangu 2008. Usifunge viatu vyako kwa mfuko wa plastiki ukavuka nao mpaka wa Goma. Vitatolewa mbele ya watu, na soksi zako zitaonekana. Na wewe binti mwenye kilemba cha ghorofa mbili, jua kwamba abiria wa pikipiki Kigali lazima avae helmeti. Kilemba kiwe mkobani, ukifunge ukifika.

Usijisifu kwa baridi ya Masisi. Kila mwaka yupo anayeniambia kwamba yeye amelala Masisi bila blanketi. Mdogo wangu, baridi yetu huondoka jua likipanda. Ile ya Brussels huingia mwezi wa kumi na moja ikavua viatu, ikakaa. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua koti kwa sababu ya vifungo vyake vya dhahabu. Lilikuwa koti la mwezi wa tano. Nikamaliza majira ya baridi nimejifunga vikwembe viwili tumboni chini ya koti hilo, na vifungo vikabaki viking'aa.

Fanya hivi: vaa nguo nyembamba kadhaa, moja juu ya nyingine, kuliko moja nene. Nunua kiatu chenye soli ya mpira. Koti la kwanza litafute mnadani kwa wauza vitu vilivyotumika pale Place du Jeu de Balle, mtaa wa Marolles, soko lililopo hapo tangu 1873 na linalofunguliwa asubuhi. Koti la pili, ukilitaka jipya, lingoje hadi Januari, kwa maana Ubelgiji sheria yenyewe ndiyo inayopanga miezi ya kushusha bei za nguo: Januari na Julai. Anayenunua Desemba anawalipia wengine.

Nunua mitumba kama fundi, si kama mpita njia. Soko la Owino, Kampala, geuza nguo ndani nje kabla hujauliza bei. Tazama mshono wa kwapa, zipu, ukosi. Nguo iliyoshonwa vizuri ni mwalimu. Ifumue nyumbani, uone mkono wa koti ulivyokatwa, kisha uirudishe. Mimi nilijifunza kukata koti kwa kufumua matatu. Kigali usitegemee bei hizo: mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.5, ikitaka watu wavae cha viwanda vyake. Marekani ilikasirika, na mwaka 2018 ikasimamisha nafuu ya ushuru iliyokuwa ikizipa nguo za Rwanda. Shati la mtu aliyekwisha kulichoka limegombanisha serikali mbili. Likumbuke hilo unapobishana na muuzaji juu ya shilingi mia tano.

Usimwambie profesa kwamba kitenge ni nguo ya mababu zako. Utaaibika, nasi utuaibishe. Hicho unachokiita hollandais kinaitwa hivyo kwa sababu kinatoka Uholanzi: kampuni ya Vlisco ilianza mjini Helmond mwaka 1846, na ufundi wenyewe uliigwa kutoka batiki za Java. Bibi zetu walikichukua, wakakipa majina, wakakifanya chao. Kipende kwa sababu hiyo, inatosha.

Ukitaka nguo ya mababu, tafuta ya magome na ya rafia. Wanawake wa Kimbuti, kule Ituri, huchora juu ya kitambaa cha gome mistari ambayo wachoraji wa Ulaya hushindwa kuacha kuitazama. Nguo za Wakuba wa Kasai, za nyuzi za mti wa rafia, Henri Matisse alizitundika ukutani kwake. Na ukiwa Kampala huna udhuru: kitambaa cha gome la mti wa mutuba bado kinagongwa Buganda, na UNESCO ilikitangaza kuwa urithi wa wanadamu mwaka 2005. Nenda ukaone kinavyogongwa. Nenda pia Makerere, kwenye shule ya sanaa aliyoianza Margaret Trowell mwaka 1937. Beba daftari. Simu iache mfukoni walau saa moja.

Ukialikwa kwanjula, usivae ulichonacho. Sherehe ya Waganda ya kumtambulisha mchumba ina vazi lake: gomesi kwa wanawake, kanzu na koti kwa wanaume. Azima. Hakuna Mganda atakayekunyima, na mama mwenye nyumba atakufunga mkanda mwenyewe huku akikulaumu kwa wembamba.

Nenda Tervuren, mara moja tu inatosha, lakini nenda. Panda tramu namba 44 kutoka Montgomery hadi mwisho. Jumba la makumbusho la Afrika ya Kati lililopo huko lilizaliwa na maonyesho ya mwaka 1897, ambapo Wakongo 267 waliletwa Ubelgiji ili watazamwe katika vijiji vya maigizo. Saba walikufa. Makaburi yao yako kwenye kanisa la Tervuren, na hapo usipige picha ya kujionyesha koti. Sitaki kuiona. Nimekwisha kuiona moja, na aliyeitoa anajua kwamba nimeiona.

Ndani ya jumba tazama kwa jicho la kazi. Vinyago vya Walega, majirani zetu wa kusini, ni vidogo, wengine huvipita wakitafuta vikubwa. Rudi nyuma, viangalie uso kwa uso, soma kibao: kitu kinatoka wapi, nani alikileta, mwaka gani. Mahali pa jina la aliyekichonga mara nyingi hukuti kitu. Hilo nalo liandike daftarini. Juni 2022 Mfalme Philippe alileta Kinshasa kinyago cha Kakuungu cha Wasuku, kwa mkopo usio na mwisho. Mkopo! Mimi ni fundi wa nguo, si mwanasheria, ila kwetu aliyeshika kitu chako miaka yote hiyo hasemi anakukopesha.

Usiwauzie wenyeji vita. Hapa nawasema hasa wanaokwenda kusomea sanaa na upigaji picha. Ukitaja Masisi, darasa zima litanyamaza kwa huruma, na mwalimu atakuuliza kama hutaki kuchora bunduki. Ni mtego, tena una alama nzuri. Mwaka 2013 Richard Mosse wa Ireland alionyesha Venice kazi aliyoifanya huku kwetu mashariki mwa Kongo kwa filamu ya infraredi, ile inayogeuza majani yakawa ya waridi. Askari wamesimama katika vilima vya waridi. Dunia ilisifu, na mwaka uliofuata akapata tuzo kubwa ya upigaji picha. Itazame, ni kazi ya mtu anayejua chombo chake. Kisha ujiulize mbona vilima ulivyochungia ng'ombe vimepata rangi na waliosimama humo hawakupata majina. Kama una jambo la kusema kuhusu vita, lisemee wakati wako, ukiwa umelala na kula. Kama unataka kuchora kabichi za Masisi, chora kabichi.

Usibebe chui. Wala jino lake, wala pembe ya ndovu, wala magamba ya kakakuona, hata kama ni kofia ya babu na babu mwenyewe amekubariki nayo. Biashara ya kimataifa ya vitu hivyo imepigwa marufuku, na uwanja wa ndege hautakusikiliza habari za ukoo. Jibini ya Masisi nayo haiingii Ulaya. Maziwa na nyama za abiria wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya hutupwa. Ile uliyomletea mjomba itaishia pipani mbele ya macho yako. Kule mchukulie kitenge. Jibini mle Goma, kabla ya safari.

Jifunze kusuka nywele kabla hujaondoka. Wavulana pia. Anayejua kusuka hapungukiwi nauli, na jikoni kwa watu watamkaribisha bila kualikwa.

Usimrudishie mama yako mgeni. Unaporudi, usivae sanduku lote siku moja. Goma utakuta wenzako waliopanda jukwaa la Liputa, maonyesho ya mitindo ya hapahapa, wanavaa kuliko wewe, na hawajatoka nje ya nchi. Watu wataliangalia vazi lako dakika tano, kisha watauliza ulisomea nini. Uwe na jibu refu kuliko koti.

Na vile viatu vyeupe, najua utakuja navyo, kila mtu huja navyo. Vivue Sake. Kuanzia hapo, barabara ikianza kupanda kwenda Masisi, ni mabuti ya mpira, na mama atakuwa ameyatuma na dereva, ya saizi uliyoondoka nayo.